Senti Hamsini za Kila Mwezi: Habari za Hospitali ya Watu wa Reli

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu wamo wenzetu walioandika habari za maghala, za bei za mazao, na za wazee waliotutangulia. Sisi wa ofisi ya Katibu tulitakiwa tuandike jambo la historia, na baada ya kushauriana tumechagua habari ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana ya mbali sana, yaani habari za hospitali iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Msomaji asituhukumu upesi. Hospitali hiyo iliendeshwa kwa makato, na mwanachama ye yote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la malipo akiisoma hati yake ya mazao ajua ya kuwa neno makato si neno jepesi.

Tuanze karibu na nyumbani, maana reli twaijua. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901 ililetewa kutoka Bara Hindi wafanyakazi 31,983. Katika hao, 2,493 walifariki, na 6,454 walirudishwa kwao hali ni wagonjwa au vilema. Mkataba wao uliwaahidi rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho na matibabu. Je, matibabu hayo yalikuwaje? Mwaka 1898, daraja la Tsavo lilipokuwa likijengwa, hospitali ya kambi ilikuwa ni mahema yaliyozungushiwa boma la miiba. Usiku mmoja simba, mmoja wa wale wawili ambao habari zao zimesimuliwa mahali pengi, alilivuka boma, akaingia hemani, akajeruhi wagonjwa wawili na kumburura wa tatu katikati ya miiba. Mhandisi J. H. Patterson aliamuru hospitali ihamishwe karibu na kambi kubwa, ikazungushiwa boma nene zaidi. Simba akaifuata huko huko, akamwua mchota maji.

Hatulileti jambo hili ili kuwatisha watoto. Wagonjwa wale walilala mahali walipowekwa na wengine. Kama hema lilifaa au halikufaa, hawakuwa na fedha wala sauti katika shauri hilo. Lakini miaka thelathini hivi kabla yao, katika nchi nyingine, walikuwako watu wa reli ambao fedha walitoa, tena kila mwezi. Kama kwa fedha hizo walipata na sauti, hilo ndilo tutakalolitazama.

Nchi hiyo ni Marekani, na mji ni Sacramento katika jimbo la California. Hapo wafanya biashara wanne wa mjini, Leland Stanford, Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker, walianzisha kampuni ya reli iliyoitwa Central Pacific. Kampuni ilijenga kuelekea mashariki, ikipasua milima ya Sierra Nevada, hata tarehe 10 Mei 1869 ikakutana na reli ya Union Pacific mahali paitwapo Promontory, katika nchi ya Utah. Kwa mara ya kwanza pwani mbili za Marekani zikaunganishwa kwa chuma.

Kampuni ilipokwisha kufurahia ushindi wake ilijikuta na maelfu ya watu waliotawanyika katika njia ndefu ipitayo milimani na jangwani. Watu hao walivunjika miguu, waliungua kwa mvuke, waliugua malaria ya bonde la Sacramento na homa ya matumbo. Mashariki mwa nchi ile mtu aliyeumia aliweza kupelekwa katika mji wenye hospitali. Huku magharibi miji ilikuwa michache, na penye hospitali ya wilaya mara nyingi ilikuwa ni nyumba ya kuwekea mafukara wasio na jamaa, ambayo mtu mwenye kazi yake aliona aibu kuingia. Hii ndiyo sababu hospitali za reli zilishika mizizi upande wa magharibi kuliko mashariki. Ilipofika mwaka 1870 Central Pacific ilikuwa na hospitali yake katika Sacramento, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Marekani.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo kwetu sisi makatibu ndiyo utamu wa habari. Kila mfanyakazi alikatwa senti 50 kwa mwezi kabla ya kuuona mshahara wake. Mfanyakazi wa kawaida wa njia wakati ule alipata dola 35 hivi kwa mwezi, kwa hiyo makato yale yalikuwa chini ya nusu ya ujira wa siku moja. Ni kidogo? Kwa mtu mmoja ni kidogo kweli. Senti 50 haziwezi kumlipa daktari wala kununua kitanda. Lakini wakiwapo watu elfu kumi, hizo ni dola elfu tano kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na kwa fedha zinazoingia kwa utaratibu namna hiyo mtu aweza kumwajiri daktari kwa mwaka mzima, kununua dawa kwa jumla, na kuweka wauguzi. Mwanachama wetu atayatambua maneno haya, kwa kuwa ndiyo yaleyale tunayomwambia juu ya hisa zake. Ila hatuwezi kuacha kusema ya kuwa makato ya kiasi kimoja kwa wote si haki iliyokamilika: senti 50 za mfagiaji hazikuwa na uzito mmoja na senti 50 za msimamizi wake.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo halipendezi, nasi tungekuwa waandishi wabaya kama tungeliruka. Reli ile haikujengwa na Wamarekani weupe peke yao. Sehemu kubwa ya kazi ya milimani, ya kupasua miamba kwa baruti na kufukua theluji, ilifanywa na Wachina, ambao idadi yao yasemwa ilikuwa kati ya elfu kumi na elfu ishirini kwa miaka yote ya ujenzi. Mwezi wa Juni 1867 maelfu yao waligoma kazi wakitaka mshahara wa dola 40 na saa chache zaidi. Crocker akawakatia chakula, na mgomo ukaisha katika muda wa wiki moja hivi. Hospitali ilipowekwa, Wachina hawakukatwa zile senti 50, wala hawakupokelewa kitandani. Walijitibu kwa dawa zao na kwa waganga wao. Kwa hiyo watu waliofanya kazi ya hatari kuliko zote walikuwa wamekwisha kuifanya kabla jengo halijasimama, na wale waliobaki katika kazi walifungiwa mlango. Mtu aweza kusema kwamba asiyechanga hapati. Sawa, lakini hao hawakuulizwa kama wangependa kuchanga.

Ili msomaji apate kuelewa kwa nini watu wa reli walihitaji daktari kuliko watu wa kazi nyingine, yampasa ajue namna mabehewa yalivyounganishwa zamani. Kila behewa lilikuwa na tundu la chuma mbele na nyuma. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, moja likimjia, akaelekeza pingili ya chuma kwa mkono wake iingie tunduni, kisha akatia pini. Akichelewa kidogo, vidole vilikwenda. Akiteleza, alikwenda mwenyewe. Yasemwa kwamba mtu akija kuomba kazi ya reli akiwa amepungukiwa vidole viwili, bwana kazi alijua mara moja ya kuwa huyu ni mzoefu. Na breki nazo zilifungwa kwa mkono: watu walitembea juu ya mapaa ya mabehewa, garimoshi likienda, usiku na katika barafu, wakizungusha gurudumu la breki la behewa moja kisha la jingine.

Taarifa ya serikali ya Marekani ya mwaka ulioishia Juni 1889 yaonyesha kuwa katika wafanyakazi wa reli 704,743 waliuawa kazini 1,972, na walioumia walikuwa 20,028. Yaani katika kila watu 35 mmoja aliumia katika mwaka ule mmoja. Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge lake mwaka 1889 kwamba ni aibu kwa nchi iliyostaarabika kuwa na wafanyakazi ambao hatari yao yalingana na ya askari vitani. Na dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana: George Westinghouse alipata hati ya breki za hewa mwaka 1869, na Eli Janney ya kiungo kinachojifunga chenyewe mwaka 1873. Makampuni mengi yaliona ghali. Mpaka Bunge lilipotoa sheria ya mwaka 1893 ndipo yalipolazimishwa, na hata hivyo yaliongezewa muda hadi mwaka 1900. Katika miaka hiyo yote hospitali za reli zilikuwa zikikata mikono na miguu ambayo chuma cha dola chache kingeweza kuiokoa, na gharama ya kuikata ilitoka katika senti 50 za wenye mikono na miguu hiyo.

Hata hivyo tusiwanyime madaktari wale haki yao. Kwa kuona majeraha mengi kuliko daktari ye yote wa mjini, walijifunza mengi. Daktari Thomas W. Huntington, aliyeiongoza hospitali ya Sacramento kwa miaka mingi, alikuwa mpasuaji wa sifa kubwa. Mwaka 1888 madaktari wa reli waliunda chama chao cha taifa, wakawa wakikutana kila mwaka kushauriana juu ya mifupa iliyosagika, majeraha ya moto, na mshtuko wa mwili baada ya ajali. Walisisitiza usafi wa vyombo na bandeji katika miaka ambayo wengine walikuwa bado wakifanya mzaha juu ya vijidudu. Waliwafundisha wafanyakazi kufunga jeraha njiani kabla ya kufika hospitali, na waliweka masanduku ya dawa katika magarimoshi. Mtu aliyelala katika hospitali ya reli, pamoja na kasoro zote tutakazozitaja, alipata kitanda safi na mpasuaji hodari, jambo ambalo mkulima wa California wakati uleule hakulipata kwa urahisi.

Na tumemtaja mkulima, basi tuseme neno moja juu yake. Kampuni ya Southern Pacific, ambayo mwaka 1885 ilichukua uendeshaji wa Central Pacific pamoja na hospitali zake, haikupendwa na wakulima. Nauli ya mazao ilikuwa mikononi mwake, na ardhi nyingi ilikuwa mali yake. Tarehe 11 Mei 1880, mahali paitwapo Mussel Slough, wakulima waliogombania na kampuni bei ya mashamba walipambana kwa bunduki na watu waliokuja kuwatoa, na watu saba walipoteza maisha. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaponya wafanyakazi wake.

Tumekwisha kusema ya kuwa mfanyakazi alichanga. Je, alipata nini kwa kuchanga, na nini hakupata? Alipata daktari, dawa na kitanda, bila kulipa zaidi, awe ameumia kazini au ameugua nyumbani. Mkewe na watoto wake hawakupata kitu. Ugonjwa wa zinaa haukutibiwa kwa fedha za mfuko, wala majeraha ya ulevi na ugomvi. Mambo hayo yaweza kutetewa, maana kila mfuko una mipaka yake, na mwenye kuweka mipaka si lazima awe mwovu. Swali letu ni moja tu: aliyeiweka ni nani? Katika Southern Pacific, fedha zilikuwa za wafanyakazi, bali hospitali iliongozwa na kampuni. Daktari mkuu aliajiriwa na kampuni. Mfanyakazi alipovunjika mguu na kuishtaki kampuni kwa ajili ya fidia, daktari aliyemtibu ndiye aliyeandika taarifa ya jeraha, na taarifa hiyo ilisomwa na wanasheria wa upande gani, msomaji mwenyewe aweza kujua. Vyama vya wafanyakazi vililalamika sana juu ya hilo. Kesi zenyewe zilikuwa ngumu kushinda, mpaka ilipotoka sheria ya mwaka 1908 iliyompa mtu wa reli njia iliyo wazi zaidi ya kudai fidia kwa uzembe wa mwajiri wake.

Hatusemi haya kwa kubahatisha kwamba palikuwa na njia nyingine. Njia nyingine ilikuwako. Mwaka 1882 katika reli ya Northern Pacific kiliundwa chama cha kusaidiana ambacho wafanyakazi walipewa nafasi katika uongozi wake. Chama hicho kiliweka hospitali Brainerd katika jimbo la Minnesota, kisha Missoula katika Montana, na baadaye kwingineko. Makato yalikuwapo vilevile. Tofauti ni kwamba aliyekatwa alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza, na katika halmashauri alikuwamo mtu aliyevaa nguo zenye grisi kama zake. Sisi tumesoma masharti ya vyama vingi, mazuri na ya ovyo, na tumeona kuwa sharti ambalo wanachama hulipita upesi wakati wa kusomwa, lile la nani ataketi mezani, ndilo wanalolitafuta kwa taa baada ya miaka mitano.

Turudi California. Karibu na mwisho wa karne ile ya 19 hospitali kuu ya Southern Pacific ilihamishiwa San Francisco, katika pembe ya njia ya 14 na njia ya Mission. Haikukaa sana. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1906 ardhi ilitetemeka, na moto uliofuata uliunguza mji kwa siku tatu na zaidi. Zaidi ya majengo 28,000 yaliteketea, na hospitali ya reli ilikuwa mojawapo. Katika siku hizo kampuni iliwatoa mjini zaidi ya watu 200,000 kwa magarimoshi yake bila kuwatoza nauli, nasi twaliandika kwa kuwa ni kweli, kama tulivyoandika mengine.

Jengo jipya lilisimama mwaka 1908 katika njia ya Fell, likitazama ukanda wa miti unaoelekea bustani kubwa ya Golden Gate. Lilikuwa jengo la matofali, lenye vyumba vya upasuaji vilivyolingana na vya hospitali kubwa za mji, na lilikuwa na shule yake ya wauguzi. Wagonjwa waliletwa kwa garimoshi kutoka majimbo ya mbali, mtu akipanda na bandeji yake huko jangwani na kushuka siku ya pili pwani. Kwa wale wenye kifua kikuu, ambao hewa ya ukungu ya San Francisco haikuwafaa, kampuni iliweka nyumba ya wagonjwa Tucson katika jimbo la Arizona, mahali penye jua kavu mwaka mzima. Kwa miaka arobaini na zaidi mpango ule ulikwenda vizuri kiasi cha watu kuusahau, na hospitali inayosahauliwa na watu wazima wenye afya kwa kawaida ni hospitali inayofanya kazi yake.

Kuanguka kwake hakukuletwa na wizi wala na vita. Kulitokana na kupungua kwa wachangaji. Mwaka 1920 reli za Marekani zilikuwa na wafanyakazi wapatao milioni mbili. Mwaka 1960 walibaki wasiofika laki nane. Malori yalichukua mizigo, ndege zilichukua abiria, na vichwa vya dizeli havikuhitaji wapiga makaa wala mafundi wengi kama vile vya mvuke. Wazee waliostaafu waliongezeka, nao ndio wenye maradhi. Vijana wa kuwachangia walipungua. Isitoshe, vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepata kwa waajiri mipango ya bima ya matibabu iliyomruhusu mtu kwenda kwa daktari amtakaye, pamoja na mkewe na watoto, na mwaka 1965 serikali ya Marekani ikaanzisha bima ya wazee. Kijana wa reli akauliza kwa nini akatwe kwa ajili ya hospitali iliyo mbali na kwake. Swali hilo halikuwa na jibu la kumridhisha. Mwaka 1968 hospitali ya njia ya Fell ilitoka mikononi mwa reli ikapewa jina la Harkness, na mwaka 1974 ikafungwa.

Jengo halikubomolewa. Liligeuzwa kuwa makazi ya wazee wenye kipato kidogo, nalo huitwa Mercy Terrace. Mwaka 1989 liliandikwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Apitaye njia hiyo huona matofali yaleyale, na katika vyumba vilivyokuwa vya wagonjwa huona mapazia ya jikoni.

Lakini si kila hospitali ya reli ilifikia mwisho wa namna hiyo. Katika milima ya Colorado kuna mji mdogo uitwao Salida, ambako kampuni ya Denver & Rio Grande ilifungua hospitali mwaka 1885, nayo pia kwa makato ya wafanyakazi. Iliungua mwaka 1899, ikajengwa tena. Reli ilipopunguza shughuli zake na watu wake kutawanyika, wenyeji wa pale, wenye mashamba, wenye maduka na wachimba madini, waliona kwamba hospitali ikifungwa mgonjwa wao atavuka milima katika theluji. Wakaunda wilaya ya hospitali yenye halmashauri inayochaguliwa na wakazi wenyewe, na kodi yake wakajitoza. Jina limebadilika na jengo limebadilika, ila hospitali ya Salida ingali inapokea wagonjwa, na kila baada ya muda wakazi huitwa kupiga kura kuchagua nani aketi katika halmashauri yake.